Nyumba Iliyopakwa Mlima

Siku Mama Majiko alipopata habari kwamba mumewe anakuja, alitia chumvi kwenye chai na sukari kwenye maharage, na watu wa nyumba ile wakala na kunywa hivyo hivyo, kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kumkatiza. Alikuwa anaimba. Alianza kuimba tangu simu ilipokatika, wimbo usio na maneno wala mwisho, na kila alipopita karibu na mjukuu wake alimnyanyua, akamzungusha hewani, akamrudisha chini taratibu kama mtu anayepima tikiti sokoni.

Simu yenyewe waliisikiliza wote. Katika nyumba ile mtandao ulishika mahali pamoja tu, juu ya mfuniko wa pipa la maji, kwa hiyo anayepigiwa na asiyepigiwa walilizunguka pipa na kuinamisha vichwa kama watu wanaochungulia kisima. Alikuwepo Mama Majiko mwenyewe. Alikuwepo binti yake, aliyekuja kwa mama kulea mtoto wake wa kwanza, na mtoto huyo mgongoni, anaota meno na kutafuna mkanda wa nguo ya mama yake. Na alikuwepo wifi, dada wa mume, anayekaa nyumba ya pili, ambaye masikio yake huisikia simu ya watu kabla haijalia.

"Wamekubali kiwandani," sauti ya mume ilisema kutoka kwenye pipa. "Mtaalamu wa udongo anakuja mwenyewe, na mimi nimepewa nafasi kwenye gari nimwonyeshe njia. Udongo wetu ukionekana unafaa, wataleta mashine za kuusafishia hapo hapo mjini, na wa kusimamia upakiaji nitakuwa mimi. Mama watoto, unanisikia? Nitakuwa nalala nyumbani."

Mama Majiko alilikumbatia pipa kwa mikono miwili. Wifi ndiye aliyemjibia.

"Amesikia, kaka. Ameshika pipa asianguke."

Jina la Mama Majiko lilitokana na kazi yake. Alijenga majiko ya udongo, na katika mji ule mdogo wa kaskazini, pale ambapo lami inakwisha na barabara yenyewe inaonekana kuchoka, ilikuwa vigumu kupata jikoni ambamo mikono yake haijapita. Udongo mwekundu aliutoa kando ya mto, akaukanda kwa miguu huku akipiga soga na yeyote anayepita, akajenga jiko kwa viganja vitupu. Hakuondoka kwenye nyumba ya mtu mpaka maji ya kwanza yachemke juu ya jiko jipya, na akayanywa yale maji, hata kama hayana majani, akasifia ladha yake. Mabega yake yalikuwa mapana, kicheko chake kilikuwa kipana zaidi.

Nyumbani kwake udongo haukutupwa. Kilichobaki kwenye beseni, aliye karibu alikifinyanga kitu chochote kilichomjia kichwani, mnyama au kijiko au pua ya jirani, akakisukuma kwenye makaa kuona kitatoka vipi. Watoto wake wote walikulia humo. Binti yake, ingawa sasa na yeye ni mama wa mtu, vidole vyake bado havikuweza kupita karibu na tope laini bila kulishika, kama watu wengine wasivyoweza kupita karibu na bakuli la karanga.

Mumewe alikuwa mpakiaji katika kiwanda cha sahani na vigae, mbali huko kusini, na nyumbani alikuja kwa likizo tu, akafika amechoka na safari, akaondoka kabla watoto hawajazoea sauti yake. Kiwanda kile kilitengeneza vyombo kwa udongo mweupe uliokuja kwa meli kutoka nchi za mbali. Vyombo vikiiva, mume alivipakia kwenye malori, na baadhi ya malori hayo yalipanda kaskazini mpaka mwisho wa barabara, mpaka kwenye mji wake mwenyewe, yakashusha sahani, yakarudi matupu, yakigongagonga bodi kama mabati kwenye upepo.

Jambo hilo lilimkera kupita kiasi. Kwa sababu upande wa pili wa mto, juu ya mji wao, ulikuwepo mlima ambao ukiukwaruza kidogo tu unakutana na udongo mweupe kama unga uliochekechwa. Ulikuwepo kwa wingi. Na miguuni pa mlima kulikuwa na lile jiwe laini ambalo watoto huandikia matusi ukutani, na mengine yanayong'aa ambayo mbuzi huyakanyaga bila heshima yoyote. "Sisi tumekalia sahani," mume alizoea kusema, "halafu tunaletewa sahani kwa lori, halafu lori linarudi bila kitu. Hivi hapo mjinga ni nani?" Kule kiwandani walimcheka, wakamwita Mlima. Alisema hivyo miaka nenda, miaka rudi, mpaka udongo wa melini ulipopanda bei na mkubwa mmoja akauliza yule mpakiaji wa mlima yuko zamu gani.

Ndipo wapimaji wakatumwa. Walifika kabla ya mvua, wakachimba mashimo yao mlimani, na mifuko waliyokuja nayo ikachanikia kwenye mawe. Wakanunua dukani gunia tupu lililokuwa la chokaa, wakalikung'uta vizuri, wakalijaza udongo safi kuliko wote waliouona, na kwa kuwa gari lao lilishajaa mawe ya mahali pengine, gunia wakaliacha kwa Mama Majiko. Banda lake la kukaushia majiko lilikuwa halivuji. Walimwomba alitunze, mtaalamu atalifuata. Kisha mvua ikashuka, mto ukajaa, na mlima ukabaki kule ng'ambo, unaonekana vizuri sana na haufikiki.

Sasa basi. Kila mumewe alipokuja likizo, Mama Majiko alipaka nyumba chokaa. Na kila mwaka chokaa ilimla mikono, ikampasua vidole mpaka hawezi kufunga kifungo. Mume alilijua hilo, kwa hiyo mfukoni hakukosa kopo la mafuta ya mgando. Akifika tu, akishakunywa maji, humkalisha mkewe kwenye mkeka na kumpaka kidole kimoja baada ya kingine, akigombagomba kwamba nyumba haikuwa chafu kiasi hicho. Wifi alisema kaka yake hajawahi kuleta zawadi nyingine maishani. Mama Majiko hakuwahi kuitaka nyingine.

Safari hii alinunua gunia zima la chokaa. Likaletwa, likasimamishwa bandani, karibu na lile la wapimaji. Magunia yalifanana kwa maandishi, kwa rangi na kwa tumbo. "La mlangoni langu, la ndani la mlima," akajiambia, akamwambia na binti yake. Kisha akaona banda lile lina vumbi na mtaalamu ataingia humo, akalifagia, akayahamisha magunia. Kesho yake akaona hakufagia kwenye kona, akayahamisha tena, huku anaimba. Mtu mwenye akili zake angefungua yote mawili akalinganisha. Mama Majiko siku zile hakuwa na akili zake, alikuwa na mume anayerudi.

Akachukua la mlangoni, akaanza kupaka.

Alikoroga kwenye ndoo na maji ya unga ili rangi ishike, akaichovya burashi, na ukutani ile rangi ikateleza kama maziwa ya mgando. Alirudi nyuma kutazama. Hakuwahi kuona weupe wa namna ile. Alimwita wifi aje aone jinsi chokaa ya siku hizi inavyotengenezwa kwa upendo, na wifi akaja, mikono kiunoni, akasema ukuta ule utamfanya mtu ajione mchafu kwenye nyumba yake mwenyewe. Basi Mama Majiko akampakia na yeye ukuta wake unaotazama barabara. Akapaka choo. Akapaka shina la mti wa uani. Binti yake alipouliza kama shina la mti nalo lina mume anayerudi, alipakwa pua.

Siku ya pili ya kupaka, Mama Majiko alinyoosha mikono yake juani akashangaa. Mizima. Laini kuliko ilivyoanza, kama mikono ya mtu wa ofisini.

"Ni furaha hii," alisema kwa uhakika. "Furaha inalainisha mwili."

"Basi na mimi nitafutie mume," wifi akasema, akiinua mguu mmoja. "Magaga yangu haya yanashika nyuzi za mkeka."

Binti aliona na jambo jingine. Alimkuta mwanawe ameshika ukuta kwa mikono miwili, amesimama kwa vidole, anaulamba. Akamnyakua, akamfuta ulimi kwa ncha ya kanga, akakaa naye mapajani akiutazama ule mdomo mdogo kama unaotaka kusema siri. Alijua chokaa inavyounguza. Lakini mdomo haukuvimba wala haukubadilika rangi. Mtoto alimcheka usoni, akajinyonga ashuke, akatambaa kutafuta ukuta mwingine. Binti alifikiri amwambie mama yake. Akamsikia uani anaimba, akaona ngoja amalize kwanza, na wimbo ule, kama tulivyosema, haukuwa na mwisho.

Unga wa kushikisha ulikwisha kabla ya rangi yenyewe. Mama Majiko hakujali, akakoroga kwa maji matupu akamalizia mawe ya njiani na banda la kuku, ndani ya uvungu wa paa ambako mvua haifiki. Jogoo aliyekuja kukagua aliondoka na mkia mweupe, akatembea siku nzima kwa maringo. Gunia likabaki ngozi tupu, likakunjwa. Na chini ya ndoo ya mwisho lilibaki tope zito, ambalo vidole vya binti viliona haya kuliacha. Alimfinyangia mwanawe kuku, mnene, mdomo umepinda. Alishangaa kidogo chokaa kukubali kufinyangwa, akadhani labda ni unga uliobaki kwenye ndoo. Siku hiyo jiko la mafundisho lilikuwa linawaka, lile ambalo mama yake huwaonyeshea wateja jinsi linavyotunza moto, na mvukuto ulikuwa unapuliza makaa mpaka yanageuka meupe. Akamsukumia kuku humo. Kesho yake akatoka mgumu, mweupe pepepe, na mtoto akamtia mdomoni. Tangu hapo hakumtoa.

Gari la kiwanda lilifika adhuhuri, matope mpaka kwenye vioo, jua limetoka dakika chache baada ya mvua na kila kitu uani kinang'aa kama kimefuliwa. Mtaalamu alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani. Alishuka akinyoosha mgongo, akamwamkia Mama Majiko shikamoo, akasema nyumba yao waliiona tangu kwenye kona ya mbali, na dereva alidhani imejengwa zahanati.

Mume alishuka upande wa pili. Yeye na mkewe walipeana mkono kwa adabu mbele ya wageni, wakaulizana habari za safari na habari za nyumbani, kama watu wawili waliowahi kukutana hospitali kwenye foleni.

"Salimianeni vizuri bwana," wifi akasema. "Sisi tutaangalia kuku."

Mtaalamu hakutaka hata chai kwanza. Wingu jingine lilikuwa linajikusanya, na dereva alishasema kama hawakuondoka kabla ya jioni, barabara itawafunga. Aliwaeleza kwamba wakubwa wanakaa kikao akirudi, na kitakachoamuliwa kitategemea atakachokuwa nacho mkononi. Basi wakaingia bandani. Gunia lilikuwa pale, peke yake, limesimama wima kama bwana harusi. Mume alilifungua mwenyewe.

Mtaalamu alichota kwa vidole, akasugua, akanusa, akakunja uso. Akatoa chupa ndogo ya tindikali, akadondosha tone moja kwenye ule unga mweupe. Ukachemka. Ukatoa povu, ukavuma kama soda iliyofunguliwa. Akachota kutoka chini kabisa ya gunia, akadondosha tena. Povu.

"Samahani, mzee," alisema polepole. "Hii ni chokaa. Udongo wa vyombo hautoi povu namna hii. Tukitengenezea sahani, itapasukia tanuruni."

Wimbo wa Mama Majiko ulikatika hapo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ile simu, na kimya chake kilikuwa kizito hata jogoo akageuka.

Mume alikaa juu ya jiko bichi lililokuwa linakaushwa, likabonyea, hakuhisi. Alikuwa anauona uwanja wa kupakilia, na wenzake wanamsubiri na jina lake jipya, Chokaa, na zamu, na malori yanayokwenda kwao bila yeye. Mtaalamu aliinama kufunga chupa yake kwa muda mrefu kuliko chupa inavyohitaji. Na yule mume, kwa kuwa hakujua pa kutazama, aliingiza mkono mfukoni akatoa kopo la mafuta.

"Lete mikono," akamwambia mkewe. "Angalau hiki sijakosea."

Mama Majiko alimpa mikono. Mume alichota mafuta kwa kidole, akaushika mkono wa kulia, akaugeuza. Akaushika wa kushoto. Akatazama kiganja, akatazama kati ya vidole, kama mtu aliyefika kituoni asione basi.

"Mbona mizima? Hukupaka nyumba?"

"Nimepaka."

"Umepaka nini?"

"Chokaa, baba watoto. Gunia zi—"

Hakumaliza. Alitazama mikono yake. Alitazama gunia linalotoa povu. Alitazama nje ya mlango, kwenye nyumba, kwenye choo, kwenye shina la mti, kwenye ukuta wa wifi, vyote vikiwaka juani. Na binti yake, mlangoni, alimwona mama anaanza kutikisika mabega, akadhani analia, akamkimbilia. Hakuwa analia. Kicheko kilikuwa kinatafuta njia ya kutokea, na kilipoipata kilimkalisha chini.

"Nimepaka mlima," alisema alipoweza. "Wifi yangu, umepakiwa mlima. Jogoo ana mlima mkiani."

Ilichukua muda watu wote kuelewa, kwa sababu kila alipojaribu kueleza habari ya magunia na kufagia alifika katikati akashindwa, na binti ndiye aliyemalizia: kwamba yalihamishwa, yakahamishwa tena, kwamba mikono haikuungua, kwamba mtoto alilamba ukuta na asidhurike, na yeye aliliona akanyamaza. Mtaalamu alisikiliza, miwani imemteremkia puani. Halafu na yeye kicheko kikampata. Alicheka mpaka akavua miwani, akasema amewahi kupokea udongo kwenye makopo, kwenye soksi na kwenye kofia ya mtu, lakini kuletewa nyumba bado.

Kucheka kuzuri, ila wingu lilikuwa linakua. Mtoni hakupitiki. Ukutani palikuwa na unga, na mtaalamu alisema unga utampotosha kwenye vipimo. Aliuliza kama kuna mahali palipopakwa bila unga. Wote wakageukia banda la kuku.

Watu waliopita barabarani siku ile watakusimulia mpaka leo. Mtaalamu wa kiwanda kikubwa, viatu kando, anakwangua banda la kuku kwa kijiko cha sukari. Mpakiaji ameshika kopo chini yake kwa mikono miwili, hapumui, asije akapeperusha hata chembe. Mama Majiko anawafukuza kuku kwa kanga, na kuku, ambao hawajawahi kudharauliwa vile, wanarudi kupitia upande mwingine. Wifi amekaa kwenye kigoda chake anawaelekeza. Kopo lilipojaa, mtaalamu alitenga kidogo kwenye jiwe, akadondosha tone la tindikali. Mume akaweka sikio karibu. Mke akaweka lake upande wa pili. Walikaa hivyo, vichwa vimekaribiana, wakisikiliza tone.

"Kimya," mume akanong'ona.

"Kimya kabisa," mkewe akasema.

Mtaalamu alifurahi, ila hakusimama. Kulikuwa na jambo moja bado, akasema, na lilimsumbua tangu huko alikotoka. Upo udongo ulio mweupe ukiwa mbichi, na ukiingia motoni unatoka na rangi ya biskuti, kwa sababu ya chuma kilichojificha ndani yake. Ameuona mara nyingi. Yeye ataupima kiwandani, sawa, lakini wakubwa wanaamini macho yao, na kabla hajasema neno mbele yao angependa aone mwenyewe udongo huu ukiwa umepita motoni.

Binti alimtazama mwanawe tu, aliyekaa kizingitini, mate yanamtiririka kidevuni, kichwa cha kuku kimo mdomoni.

"Mama," akasema kwa upole, kama asiyetaka kumshtua ndege. "Yule kuku."

Watu wazima wakamzunguka mtoto. Mtoto akawatazama mmoja mmoja, akauma zaidi. Babu alimpa mfuniko wa kopo la mafuta, akaupokea kwa mkono wa kushoto, kuku akabaki. Wifi alivua bangili yake, akaipokea pia. Mtaalamu akatoa miwani, na dereva, ambaye mpaka hapo alijifanya hayamhusu, akatoa funguo za gari. Mtoto alivipokea vyote, akajaza mapaja kama mwenye duka, na kuku hakumwachia mtu.

"Huyu atafaa kiwandani," mume akasema. "Kitengo cha mauzo."

"Mnamsumbua bure," Mama Majiko akasema. Akamnyanyua mjukuu wake, akaanza ule wimbo wake, akamzungusha hewani kama alivyomzungusha siku ya simu. Mtoto akajikaza. Akamzungusha tena. Shavu moja likalegea, kisha la pili, na katika mzunguko uliofuata mtoto akaachia kicheko kikubwa, mdomo wazi, meno mawili nje, na kuku akaruka.

Alitua kwenye kizingiti. Akapasuka vipande.

Hakuna aliyesogea isipokuwa mtaalamu. Alichuchumaa, akaokota kipande cha kifua, pale kuku alipokuwa mnene, akakifuta mate, akakiinua kwenye mwanga. Mweupe nje. Mweupe ndani. Mweupe mpaka katikati kabisa, bila hata kivuli cha njano.

"Hajaiva kama kiwandani," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Lakini rangi ni hii. Mzee, rangi ni hii hii."

Mtoto alikuwa analia kwa uchungu wa mtu aliyeibiwa, na bibi yake alikuwa anamlilia naye huku anacheka, ikawa vigumu kusikia mtaalamu alichoendelea kusema, kwa hiyo alikirudia, akimtazama mume. Mashine hawezi kuziahidi leo, hiyo ni kazi ya kikao. Anachoweza kusema kwa mdomo wake ni kwamba udongo huu hautakiwi kwenye banda la kuku. Mto ukipungua atahitaji magunia mengi, kutoka kila shimo la mlima ule, na mtu anayeujua lazima abaki kuyachimba na kuyalinda, kwa mshahara wa kiwanda, kuanzia sasa.

"Na yasikae bandani kwa mama," akaongeza.

Gari liliondoka kabla ya mvua. Kwenye kiti ambacho mume alikuja amekalia, dereva aliweka kopo la udongo uliokwanguliwa, na juu yake leso yenye vipande vya kuku, akavifunga mkanda wa usalama kwa heshima zote. Mume alisimama njiani kati ya mawe ambayo mvua ilishayaosha weupe, akipunga mkono, mpaka gari likapotea kwenye kona. Ilikuwa mara ya kwanza kwake kuwa yule anayebaki akipunga. Alionekana hajui mkono unashushwa lini.

Wifi alipita nyuma yake akachukua kopo la mafuta pale kwenye jiko lililobonyea. "Nyumba hii haina kazi nalo tena," akasema, akaenda nalo kwake, na jioni yote walimsikia akiguna kwa raha, miguu juu.

Mama Majiko alikaa jikoni kufinyanga kuku mwingine, kwa udongo mwekundu safari hii, maana mweupe ulishakuwa mali ya watu. Mtoto alisimama ameshika bega lake akisimamia kazi, bado ana kwikwi. Binti akachochea moto, akachemsha maji, na mama yake akasema hapana, chai ya leo nitaitia mwenyewe. Akatia majani. Akaimba. Akanyoosha mkono kwenye rafu bila kutazama, akachota kijiko kilichojaa.

Binti aliona ni kopo lipi. Akamtazama baba yake, na baba yake naye alikuwa ameona. Mume akapokea kikombe, akapuliza, akanywa, akakaa nayo mdomoni kidogo.

"Iko sawa?" mkewe akauliza.

"Niongeze," akasema.